Nyumba Iliyokuwa Juu ya Kituo cha Baghkohne

Ukishuka ngazi za umeme za kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Baghkohne, hapa Tehran, upande wa tiketi, utaona wamebandika ubao wa shaba wenye historia ya kituo. Ubao unasema kilichimbwa kwa miaka sita, kina chake ni mita ishirini na nane, vigae vyake vya buluu vilitoka Isfahani, na kilifunguliwa na wakubwa fulani mwezi wa Mehr. Yote kweli. Nimeusoma mara nyingi nikingoja treni, na kila nikiusoma nakasirika upya, kwa sababu mlango namba mbili haukutajwa popote. Abiria wanaushangaa mlango ule. Mlango wa kwanza unapanda moja kwa moja hadi barabarani, lakini wa pili unakwenda hatua ishirini, unapinda kushoto ghafla, kisha ndipo unapanda. Nimewasikia vijana wakisema mhandisi alikuwa amelewa.

Mhandisi hakuwa amelewa. Mlango unakwepa mahali palipokuwa na nyumba, namba kumi na nne, kichochoro cha Nastaran. Siku ilipozama, watu wawili walikuwa ndani mpaka dakika za mwisho, nusura wafe, na kama wangekufa ningekuwa nimewaua mimi, kwa kalamu. Haya nimeshayasema mbele ya tume ya uchunguzi, nikaadhibiwa, na sikulalamika. Sasa nimestaafu, sina wa kumwogopa, basi historia ya kituo niiandike mimi.

Naitwa Mahrokh. Nilikuwa mpimaji wa kampuni iliyochimba kituo. Ukichimba handaki chini ya watu, ardhi ya juu hushuka kidogo, hilo halikwepeki. Swali ni imeshuka kiasi gani. Tulipigilia misumari ya shaba kwenye kuta za nyumba za jirani, na kila asubuhi niliisoma kwa darubini na kuandika imeteremka milimita ngapi. Ni kazi ya kuchosha, na ukiipenda ujue una kasoro. Mimi niliipenda.

Kichochoro cha Nastaran hakikuwa na njia ya kutokea upande wa pili. Kilikuwa na nyumba kumi na nne, na kumi na tatu kampuni ilizinunua ikazibomoa ili kupata nafasi ya shimo kuu. Ya kumi na nne, ya mwisho kabisa, iliachwa kwa sababu ramani ya shimo iliishia kwenye ukuta wake. Handaki tu ndilo lingepita chini yake. Humo aliishi Bwana Nosrat Daryabeigi, mwalimu mstaafu wa jiografia, na mkewe Bi Effat, ambaye aliwashonea nguo nusu ya maharusi wa mtaa ule. Hawakuwa na mtoto. Walikuwa na bwawa dogo uani, samaki wekundu, na mti wa komamanga.

Mwishoni mwa Esfand, mwezi wa mwisho wa mwaka, kampuni ilikodi fleti ili wazee hao wakae huko siku sitini, mpaka wachimbaji wapite chini yao. Nilitumwa mimi kwenda kuwaambia. Nilipewa fomu yenye visanduku viwili: wamekubali, wamekataa.

Bi Effat alinipa chai na biskuti za unga wa dengu. Nikamweleza habari ya fleti. Akasema, "Msijisumbue kwa ajili yetu, binti yangu." Nikamwambia si usumbufu. Akasema, "Hapana, hatupendi kuwa mzigo kwa watu." Wakati huo simu ikaanza kuita mkobani. Alikuwa mkuu wangu, Mhandisi Behnam Sarvari, ambaye alitaka kujua kama uchimbaji utaanza Jumamosi au hautaanza.

Mimi ni mzaliwa wa Tehran. Najua, kama anavyojua kila mtoto aliyewahi kupewa peremende kwa jirani, kwamba mara ya kwanza mtu hukataa kwa adabu, mara ya pili hukataa kwa adabu zaidi, na jibu lenyewe ni la mara ya tatu. Hakuna asiyejua. Mwenye kutoa mara mbili akanyamaza, basi hakukusudia kutoa. Lakini simu ilikuwa inaita, na hesabu ya Jumamosi ilikuwa nzuri kwa kila mtu, na mimi pia nilitaka kumaliza. Nikaweka alama: wamekataa. Bi Effat alinitazama nikiandika. Mdomo wake ulifunguka kidogo, kisha akaufunga, akaniuliza kama niongezewe chai.

Bwana Nosrat, mtu wa maandishi, alinitaka niandike kwamba nyumba yake ni salama. Nikaandika nyuma ya nakala yake, kwa majivuno ya mtu mwenye darubini mpya, kwamba nyumba haitashuka hata kwa unene wa punje ya mchele. Nikatia saini. Nikashuka ngazi zao huku nikizungumza na Mhandisi Behnam kwenye simu, tena kwa furaha.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa Jumanne, katikati ya Ordibehesht, mwezi wa pili wa mwaka mpya, wakati theluji ya mlimani imeyeyuka na mifereji ya barabarani imejaa. Nilifika shimoni saa moja na nusu asubuhi. Nilimkuta Usta Khodadad ameketi juu ya mfuko wa saruji na watu wake saba wamesimama nyuma yake, mikono mitupu.

Khodadad alikuwa msimamizi wa wachimbaji, mtu wa Ardakan, na ukoo wao tangu zamani ni wachimbaji wa kanati, ile mifereji ya chini kwa chini ambayo watu wa kale waliichimba kwa mikono kuleta maji kutoka mlimani. Alivaa nyeupe tupu, shati, suruali na kofia, kama wavaavyo wote wa kazi ile, ili ardhi ikimfunika awe ameshavaa sanda. Kwa kawaida alikuwa mtu wa mzaha. Asubuhi yoyote nyingine angeniuliza leo wanja nimejipaka kwa ajili ya nani, ukuta au msumari. Siku ile hakuniuliza kitu.

Nilijua maana yake. Mchimbaji wa kanati akiamka na moyo ukamkatalia kazi, hashuki, na hakuna anayemuuliza kwa nini. Mhandisi Behnam aliuchukia mno utaratibu huo, aliuita uvivu wenye baraka. Khodadad alinyoosha mkono akanipa bonge la udongo lililokuwa kiganjani mwake.

"Nusa," akasema.

Nikanusa. "Tope."

"Tope la bustani, Bi Mhandisi. Nimelitoa jana jioni kwenye paji la handaki, pale tunapochimba. Mita ishirini na nane chini, bustani imetoka wapi?"

Akanieleza kwa maneno machache. Mbele yetu kulikuwa na kanati ya zamani ambayo haimo kwenye ramani yoyote. Maji ya masika yamerudi ndani yake. Na kanati huwa na visima vya kushukia kila baada ya hatua kadhaa, na kimoja kati ya hivyo kiko juu ya handaki letu. Mtu wa zamani alikiziba kwa magogo na kifusi, akajenga juu yake. Magogo yakishalowa, kila kitu kitashuka.

"Juu yetu ni wapi?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Mpimaji si wewe?"

Nilikimbia na darubini. Msumari wa ukuta wa namba kumi na nne ulikuwa ukishuka nusu milimita kwa mwezi, na mimi nikijisifu. Saa mbili asubuhi ulikuwa umeshuka milimita tatu tangu jana. Nilidhani nimekosea, nikasawazisha darubini upya. Saa mbili na nusu, tano. Saa tatu, nane. Kitabu cha kazi kilisema ikifika kumi watu watolewe. 

Nikampigia Mhandisi Behnam. Alikuwa kikaoni mjini, akanong'ona. Alisema hatuna mamlaka ya kumtoa mtu nyumbani kwake bila barua ya manispaa, barua itapatikana baada ya sala ya adhuhuri, na nisithubutu kupiga kelele mtaani kabla ya hapo. Nikamwambia adhuhuri ni mbali. 

"Fomu inasema wamekataa," akasema. "Saini ni yako, Mahrokh." Akakata.

Nilibaki nimeshika simu katikati ya mabati ya uzio wa kampuni. Nilimchukia yule mtu. Kisha nikajichukia zaidi, kwa sababu alisema kweli.

Khodadad alitaka kuja nami na watu wake, wawabebe wazee kwa nguvu kama haja itatokea. Nikakataa. Bwana Nosrat akiwaona wanaume wanane wa kampuni mlangoni angejifungia kwa kufuli. Nikamwambia awazuie watu wote wasiingie kichochoroni, na anipe nusu saa. Akanitazama miguuni, akasema nipunguze kukanyaga kwa kishindo. Nikaenda peke yangu.

Njiani nilifanya hesabu, maana kichwa cha mpimaji hakijui kitu kingine. Kisima kikiporomoka, shimo hutanuka linapopanda juu. Kwa kina kile, mtu angekuwa salama akiwa mita thelathini kutoka ukuta wa nyumba. Nikazihesabu hatua nikielekea mlangoni. Mita ya thelathini iliangukia kwenye nguzo ya umeme iliyobandikwa tangazo la mwalimu wa hesabu. Nikaikariri nguzo ile.

Bi Effat alifungua mlango wa chuma baada ya kuuvuta mara tatu. Alifurahi kuniona, akaniuliza hali ya mama yangu, akanikaribisha kwa kusema hatua zangu ziko juu ya macho yao. Nilipovua viatu, kando ya kabati la viatu niliona sanduku la safari, la kahawia, limefungwa kwa mkanda wa ngozi. Lilikuwa na vumbi jembamba juu yake. Nilidhani wanakwenda kuzuru Mashhad, nikamuuliza kama wana safari.

"Hapana," akasema, akatazama pembeni. "Lipo tu."

Bwana Nosrat alikuwa sebuleni na gazeti lake, mgongo kwenye dirisha la uani. Sikunywa chai. Nilisimama nikasema moja kwa moja: nyumba inazama, chini yake kuna kisima cha zamani, tuondoke sasa hivi, hata viatu tuvalie njiani. Hakushtuka. Alikunja gazeti taratibu, akaenda kwenye droo, akatoa nakala ya fomu, akaigeuza nyuma na kunisomea kwa sauti ya darasani.

"Haitashuka hata kwa unene wa punje ya mchele. Maneno ya nani haya?"

"Yangu."

"Na saini?"

"Yangu, Bwana Nosrat. Nilikosea."

"Ulikosea lini, siku ile au leo?" Akaketi. "Ashrafi wa namba tisa mlimwambia atoke siku tatu mrekebishe bomba. Aliporudi akakuta lango lake liko kwenye lori. Mimi nimefundisha ramani miaka thelathini na moja, binti yangu. Najua mtu anavyosogeza mpaka."

Nikamwonyesha ufa uliokuwa umetoka kwenye kona ya dari. Akasema ni mashine zetu, tunatikisa makusudi ili wakimbie. Mlango wa jikoni ulikuwa umegoma kufunga tangu jana. Hizo pia ni mashine. Nikamwambia mashine zimezimwa tangu asubuhi, asikilize. Akasikiliza. Akasema zimezimwa ili mimi nije kusema hivyo. Nilitamani kumpiga kibao, mzee wa watu, na nilitamani kulia, vyote kwa pamoja. Kila jambo la kweli nililokuwa nalo nilikuwa nimeliharibu kwa mkono wangu siku ile ya Esfand.

Hapo ndipo nikatazama dirishani, nyuma ya kichwa chake. Bwawa la uani lilikuwa limejaa upande wa komamanga, na upande wa pili palikuwa na ukanda mkavu wa kijani, upana wa viganja viwili. Maji hayajui uongo, yamelala sawa. Bwawa ndilo lililoinama. Nilikuwa bado naangalia pale maji yalipoanza kushuka, bila sauti, kama beseni lililotolewa kizibo. Samaki walikusanyika katikati.

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaufunga. Ningemwambia, angeinuka na kwenda uani kuangalia bwawa lake na samaki wake, na uani ndiko kulikokuwa na kisima.

Bi Effat alikuwa amesimama na sinia la chai. Naye alikuwa akitazama dirishani. Macho yetu yakakutana, akaliweka sinia mezani.

Sijui akili ile niliipata wapi. Labda ni malezi ya mama yangu. Nikavuta ushungi wangu vizuri, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Basi nisiwachoshe zaidi. Naomba ruhusa niende."

Bwana Nosrat alilainika mara moja. Ugomvi ni ugomvi, lakini mgeni anapoaga mambo hubadilika. Akasema mbona mapema, nibaki chakula cha mchana, Bi Effat amepika wali wa shibiti. Nikashukuru. Nikasema, "Tafadhali msiinuke. Msinisindikize."

Akainuka, bila shaka. Katika nchi hii hajazaliwa mwenye nyumba atakayeambiwa asisindikize akabaki ameketi.

Tulivaa viatu. Kamba za vyangu nilizichomeka ndani bila kuzifunga. Bwana Nosrat alivuta mlango wa chuma, haukufunguka. Fremu ilikuwa imepinda. Akasema tangu jana mlango huu una kiburi. Nikaweka bega langu kando ya lake, tukavuta, plasta ikatumwagikia mabegani, tukavuta tena, ukafunguka kwa mlio mbaya. Nje kulikuwa na jua. Na yeye, Mungu amrehemu, akasimama kando ya mlango, akainamisha kichwa na kunyoosha mkono.

"Tafadhali, mgeni kwanza."

Siku nyingine ningesema haiwezekani, mkubwa kwanza, naye angesema haiwezekani, na tungekaa hapo dakika tatu kama watu walioelimika. Nilipita bila neno, kama mtu asiyefunzwa. Niliona ameumia. Yeye akanifuata, akasimama kizingitini, na Bi Effat akatoka wa mwisho, nyuma yetu.

Mita sifuri.

Sasa nilikuwa na hesabu nyingine. Ningemwambia arudi, adabu ingemlazimu aongeze hatua. Ningemwambia mara ya pili, angeongeza tena. Mara ya tatu angechukulia kwamba nasema kweli, angeniaga na kurudi ndani. Nilikuwa na "rudini" mbili za kutumia kwa mita thelathini, na ya tatu nisiiguse.

Nikatembea polepole, nikimuuliza habari za magoti. Mita nne. Tano. Akapunguza mwendo. "Rudini sasa, Bwana Nosrat," nikasema, "jua ni kali." Akasema jua si kitu, akaja. Nilimuuliza kuhusu wanafunzi wake. Alinieleza habari za mmoja aliyekuwa rubani. Mita kumi na moja. Nyuma yetu kitu kilipasuka ndani ya nyumba, kioo au sahani, akataka kugeuka.

"Paka wa jirani," nikasema.

"Jirani yupi? Mmewamaliza wote."

"Basi ni paka wa kampuni," nikasema, na akacheka kidogo, akaja. Mita kumi na nne. Akasimama kabisa. Nikatumia ya pili. "Mimi nakuapia, inatosha, rudini." Akasema kwa heshima ya baba yangu atanifikisha mbele kidogo. Mita kumi na saba, kumi na nane. Niliiona nguzo. Ncha za tangazo la mwalimu wa hesabu zilikuwa zikipepea. Maswali yalikuwa yameniishia. Mita ishirini na mbili, akasimama, akaweka mkono kifuani, akaanza maneno ya kuaga.

 Nilisimama nikimtazama midomo, nikijua nikijibu tu, amekwenda.

Bi Effat hakusimama. Alitupita wote wawili, kichwa chini, akaendelea kutembea kuelekea barabarani. Alikuwa amebeba lile sanduku la kahawia. Lilimvuta bega upande mmoja.

"Effat," Bwana Nosrat akasema. "Effat, sanduku hilo unalipeleka wapi?"

Hakugeuka.

"Effat, utaumia mgongo."

Akaenda mbio, mzee wa miaka sabini na mbili na viatu vya kandambili, kwa sababu hawezi kuvumilia mkewe abebe sanduku na yeye mikono mitupu mbele ya mgeni. Alimfikia hatua tatu baada ya nguzo, akalishika sanduku kwa mpini. Nilikuwa nyuma yake, mikono nimeinyoosha kama mtu anayefukuza kuku. Akawa bado anamuuliza analipeleka wapi.

Kwanza ardhi ilitoa pumzi. Sina namna nyingine ya kusema. Kisha nyumba namba kumi na nne ikashuka. Haikuanguka huku wala kule, ilishuka tu, wima, ghorofa ya juu ikafika ilipokuwa ya chini, na mti wa komamanga ukaenda nayo. Ukuta wa mbele ulibaki peke yake na kibao chake cha buluu cha namba, muda wa mtu kusema bismillahi, halafu nao ukainama ukaingia. Shimo likala kichochoro likitujia, mita kumi, kumi na tano, ishirini na mbili. Likasimama hatua nane kutoka kwenye nguzo. Vumbi likatufunika.

Nilipoweza kuona, Bwana Nosrat alikuwa ameketi juu ya sanduku. Nakala ya fomu alikuwa ameitia mfukoni mwa shati lake, nilikuwa naiona ncha yake. Kwa mbali Khodadad na watu wake walikuwa wanakuja mbio, weupe ndani ya vumbi. Bwana Nosrat hakunitukana. Alisema samaki, mara moja, kwa sauti ya chini. Nilipiga magoti mbele ya Bi Effat, nikamwambia nisamehe, nilijua, siku ile nilijua kabisa na nikaandika.

Alinifuta vumbi usoni kwa ncha ya ushungi wake, kama ambavyo angemfuta mtoto.

"Ulisema mara mbili, binti yangu," akasema. "Nilikuwa nimeshapanga sanduku tangu ulipopiga simu kwamba unakuja kwa habari ya fleti. Uliposhuka ngazi nikajua utarudi useme mara ya tatu. Sikulifungua. Nosrat alisema tuwaombe, nikamwambia hapana, mtu mwenye adabu haombi."

Siku arobaini na kitu lilikuwa limekaa mlangoni. Nililia mbele ya wachimbaji wote na sikuona aibu.

Simu ikaanza kuita mkobani mwangu. Nilijua ni nani. Nikaiacha iite.

"Njooni kwetu," nikasema. "Narmak. Mama yangu yuko peke yake, vyumba viwili havina mtu."

"Hapana, mpenzi wangu," Bi Effat akasema. "Mama yako tutamsumbua."

"Mama atafurahi. Njooni."

"Tutakwenda kwa mpwa wangu, Karaj," Bwana Nosrat akasema akitazama shimo. Baadaye nilikuja kujua mpwa yule alikwishahamia Kanada miaka minane kabla. "Hatupendi kuwa mzigo kwa watu."

Simu ilikata, ikaanza tena. Khodadad alisimama karibu, kofia nyeupe mkononi, akaniangalia. Naye alikuwa anahesabu.

Nikasema mara ya tatu.

 Bi Effat akamkung'uta mumewe vumbi begani.

"Inuka, Nosrat," akasema. "Umelikalia sanduku."